Taa za Nyumba Namba Kumi na Saba

Kuna watu wakikaa kimya huwa wanawaza, na kuna wengine huwa wanasinzia tu. Mzee Sekunde akikaa kimya alikuwa anahesabu. Midomo ilimchezacheza, kidole kikigonga paja, na ukimsemesha kabla hajafika mwisho wa hesabu yake hakujibu, hata kama ulikuwa unamwambia kwamba suruali yake inaungua. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya kliniki. Mtaani, kazini, hata kwa marehemu mkewe siku alizokuwa na furaha, aliitwa Sekunde.

Jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa taa za barabarani wa manispaa, zile za nyekundu, njano na kijani, na makutano ishirini na mawili ya mji ule yalikuwa mikononi mwake. Alijua upande wa soko unapata kijani sekunde arobaini na tano na upande wa hospitali thelathini, alijua ni wapi njano inachelewa kidogo mvua ikinyesha, na ungemwamsha usingizini angekutajia yote bila kufungua macho. Zamu yake ilianza saa nane mchana na kuisha saa nne na nusu usiku. Taa za barabarani ni korofi: haziharibiki asubuhi fundi akiwa amepumzika. Zinangoja saa kumi na mbili jioni, mji mzima ukiwa njiani kurudi nyumbani, ndipo zinazima. Kwa hiyo fundi hodari alipangiwa zamu hiyo, na kwa kuwa alibaki kuwa hodari, hakuna aliyefikiria kumtoa. Hivyo ndivyo ofisi zinavyowashukuru watu wao.

Jambo moja alifundishwa siku ya kwanza, na msimamizi wake hakulisema mara mbili: kijani za njia zinazokatana zisiwake pamoja, hata kwa sekunde moja. Ndiyo maana kila taa ya kijani inafungiwa waya wa ziada ambao, taa hiyo ikiwaka, unakata umeme wa taa ya njia ya pili. Wenyewe waliuita waya wa kufunga. Fundi mvivu angeweza kuuruka na mtu asijue mpaka siku ya balaa. Sekunde hakuuruka hata siku moja, na mwishowe mkono wake ulikuwa unaufunga wenyewe huku kichwa kikiwaza mambo mengine.

Alistaafu, na baada ya miezi kumi na moja mkewe akafariki. Nyumba ya manispaa waliyokuwa wakikaa ilikuwa imeshabomolewa kupisha upanuzi wa barabara, kwa hiyo mzee alibaki na vyumba viwili vya kupanga ghorofa ya pili, juu ya duka la mshona nguo. Chumba kimoja kilikuwa na kitanda, cha pili meza, jiko la gesi la plati mbili na viti viwili. Kiti kimoja alikikalia. Cha pili alikiwekea koili za waya, maana kiti kitupu kilikuwa kinamtazama. Alikuwa mpweke, na hakuna haja ya kulizungushazungusha neno hilo. Asubuhi aliijibu redio ikisema habari za asubuhi. Alinunua mkate mzima, akala nusu, na nusu nyingine ikaota ukungu kila wiki, lakini kuomba nusu mkate dukani alikataa katakata.

Kilichomwokoa kilikuwa gari la zimamoto. Lilikuwa la plastiki, la kuchezea, limetupwa kwenye ngazi likiwa halina gurudumu moja. Akaliokota, akalitia gurudumu la kizibo na taa mbili za LED, zile ndogo kama punje ya mchele, zikawa zinapokezana, ya kushoto kisha ya kulia. Aliliweka mezani akalitazama mpaka chai ikapoa. Kesho yake alienda mtaa wa vifaa vya umeme, akarudi na mfuko wa taa, rezista za kupunguza umeme, na zile chipu nyeusi zenye miguu kama mende. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa na kituo cha mafuta ambacho taa zake zilikimbizana ukingoni mwa paa, na uwanja wa ndege wenye njia ya kutua iliyowaka kuanzia mwanzo hadi mwisho, vyote vya kuenea kwenye trei.

Siri ya michezo hiyo ni chipu mbili. Ya kwanza inapiga mapigo kwa mwendo unaoutaka wewe. Ya pili inahesabu: kila pigo likija, inahamisha umeme kutoka mguu mmoja kwenda mguu unaofuata, na kwenye kila mguu unafunga taa yako. Mguu huu ukipata umeme, uliotangulia unakosa. Ukitaka taa ya kwanza isizime wakati ya pili inawaka, inabidi uongeze daiodi, vidude vya bei ya pipi vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Sekunde alikuwa na boksi zima la daiodi. Hakuwa amelifungua.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, muuguzi katika mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi. Binti alipiga simu kila Jumapili mchana. Umekula, baba? Nimekula. Dawa umekunywa? Nimekunywa. Haya, baba, uwe na siku njema. Sekunde mia moja na kumi, wiki baada ya wiki, hazikuzidi mia moja na thelathini hata siku ya mwaka mpya.

Kilichokuwa katikati yao kilisemwa mara moja tu. Siku tatu baada ya maziko, wakikunja nguo za marehemu, binti alisema bila kuinua uso, "Mimi na mama tulizoea kuwa wawili, baba. Wewe ulikuwa mgeni wetu wa kulala." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, mzee angepata pa kushika, angefoka kidogo, wangelia, yaishe. Alisema kama mtu anayesoma anwani kwenye bahasha, kisha akaendelea kukunja. Sekunde alilimeza neno lile, na lilikuwa halijashuka mpaka leo.

Kisha simu ikaja siku ya Jumatano, na Sekunde akaogopa kabla ya kuipokea.

"Baba, nimepata kazi nje," binti alisema. "Mkataba wa miaka mitano. Mimi na mume wangu. Tunaondoka Jumapili ya tarehe ishirini."

"Miaka mitano."

"Jumamosi ya kuamkia siku hiyo nitapita kwako, saa nane mchana. Ila sitakaa sana, tuna mizunguko mingi."

"Karibu, mwanangu," alisema mzee, na simu ilipokatika aligundua kwamba hakuhesabu.

Siku ishirini na nne. Hazikutosha kumfanya mtu kuwa baba, lakini zilitosha kujenga nyumba ya kadibodi. Aliamua palepale. Angeijenga nyumba namba kumi na saba, ile iliyobomolewa, chumba kwa chumba, aiwekee taa ziwake kwa mfuatano jinsi zilivyokuwa zikiwaka jioni, na binti aondoke nayo. Huko aendako angeiweka mezani, angebonyeza swichi, na nyumba yao ingeamka mbele yake. Mzee hakuwa hodari wa maneno. Alichotaka kusema ni kwamba alikuwepo, kwamba alikuwa mtu wa nyumba ile na si mgeni, na hakujua njia nyingine ya kukisema. Alikuwa na nafasi moja, na nafasi yenyewe ilikuwa na tarehe.

Kwanza alienda duka la mabegi akapima begi dogo, lile linaloruhusiwa kuingia nalo ndani ya ndege, kwa futi yake mwenyewe, huku mwenye duka akifikiri amepata mteja. Aliporudi akaanza kukata. Sakafu ilikuwa ya plaiwudi, kuta za kadibodi ngumu, na paa la bati la kopo la maziwa, ambalo alilitia mikunjo kwa mgongo wa uma, mkunjo mmoja baada ya mwingine, kwa siku mbili. Mwili wa nyumba aliujua. Asubuhi zake zote alizimalizia humo, akizibua mabomba na kupigilia misumari, mama yupo sokoni na mtoto yupo shuleni. Aliuchora ufa wa ukuta wa bafuni kwa kalamu ya ncha nyembamba, na kidato cha pili cha ngazi akakivunja kona kama kilivyokuwa.

Siku ya kumi na mbili akafika kwenye taa.

Kila makutano yana jedwali lake. Kushoto unaandika taa, juu unaandika muda, na unapotaka taa iwake unatia weusi kwenye kisanduku. Isipowaka unakiacha cheupe. Ikiwa ni ya kumemeta unapiga mstari wa mshazari. Sekunde alichukua karatasi ya mraba. Kushoto akaandika jiko, sebule, korido, chumba cha binti, chumba chetu, bafu, baraza. Juu akaandika saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa tano. Akachonga penseli. Akangoja mkono uanze.

Mkono haukuanza. Alijua dakika ambayo taa ya posta ilibadilika jioni ya Ijumaa, lakini hakujua ni nani aliyewasha taa ya kwanza ndani ya nyumba yake. Siku sita kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu alikuwa juu ya ngazi, ameshika bisibisi kwa meno. Siku ya saba, ya mapumziko, alilala kabla ya jua kuzama kama mtu aliyepigwa rungu. Alikaa na ile karatasi mpaka miwani ikamchosha, na visanduku vyote vilikuwa vyeupe. Aliona aibu, peke yake, chumbani, mbele ya gari la zimamoto.

Mtu mwingine angepiga simu akauliza. Sekunde aliamua kukisia kwa akili. Mpishi anaanza jikoni, basi jiko kwanza. Anabeba chakula, basi sebule. Kisha korido, kisha mtoto anakwenda chumbani kwake. Na alikumbuka sauti ya mkewe siku zile za mapumziko, ikipenya usingizini: "Zimeni taa mnapotoka, huu umeme si wa bure!" Basi ikawa rahisi kabisa. Anayetoka anazima, anayeingia anawasha. Chipu ya kuhesabu ilikuwa inafanya hivyohivyo, taa moja baada ya nyingine, bila daiodi hata moja. Na kwa kuwa mkono ulishazoea, akaongeza na waya wa kufunga kila mahali, ili vyumba viwili vinavyotazamana visiweze kuwaka pamoja hata chipu ikichanganyikiwa. Ilikuwa kazi safi. Angeipeleka kwa msimamizi wake wa zamani bila hofu.

Chini, mshona nguo alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Ndiye aliyemkatia mapazia ya madirisha kutoka kwenye vipande vya vitambaa, na siku ya kuyaleta alipanda ngazi akihema.

"Mzee Sekunde, jumba lako la panya linaisha lini?"

"Si la panya."

"La nani basi, na milango hata kidole hakipiti?" Aliinama akachungulia, mzee akabonyeza swichi, na taa zikapita chumba kwa chumba. Mama Pindo akaacha mzaha. "Aisee. Umejaliwa mikono, mzee. Na binti yako umemuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Taa zilikuwaje. Nani aliwasha ipi, saa ngapi. Si alikuwa anakaa humo?"

"Na mimi nilikuwa nakaa humo," alisema Sekunde, na sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka.

Mama Pindo aliuma uzi kwenye kona ya pazia, akautema. "Haya," alisema, akateremka ngazi.

Jumamosi ile alinyoa ndevu mara mbili. Alitoa koili za waya kwenye kiti cha pili. Akatundika blanketi dirishani ili chumba kiwe na giza, akachemsha maji saa saba, akayachemsha tena saa saba na nusu. Saa nane na dakika kumi na nne akasikia viatu kwenye ngazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari, anaongea na simu. Tukitaka kuondoka atapiga honi." Binti alisimama mlangoni, mkoba begani. "Mbona giza hivi? Taa imeungua?"

"Kaa hapo. Ukae tu, usiguse waya."

Binti alikaa. Macho yalipozoea giza, aliona kilichokuwa mezani. Kisha akasogea na kiti chake mpaka magoti yakagonga meza.

"Baba! Si namba kumi na saba hii!" Alicheka, na kilikuwa kicheko cha utotoni kabisa, ambacho mzee hakuwa amekisikia kwa miaka. "Ngazi mbovu! Ona, na ufa wa bafuni umeuweka. Nilikuwa naogopa mjusi anakaa humo. Mikono yako, baba!"

Moyo wa Sekunde ulijaa. Hata leo ukimuuliza, atakwambia dakika ile ilitosha. Lakini mtu hakai siku ishirini na nne akichomelea waya halafu asibonyeze swichi.

Akabonyeza.

Jiko likawaka, la manjano, pazia la Mama Pindo likaonekana. Baada ya sekunde nne jiko likazima na sebule ikawaka. Sebule ikazima, korido ikawaka. Chumba cha binti. Chumba chao. Bafu. Baraza. Kisha giza kidogo, halafu jiko tena. Mzunguko wa kwanza binti aliutazama akitabasamu. Wa pili tabasamu likapungua. Wa tatu aliinama akatia jicho kwenye dirisha la jiko, jiko likazimika usoni pake.

"Baba, humu anakaa nani?"

"Nyinyi. Wewe na mama yako."

"Mbona kuna mtu mmoja?"

Mzee hakuelewa. "Mmoja vipi?"

"Mimi nikiwa chumbani, mama yuko wapi? Kote giza. Na mama akiwa jikoni, mimi niko wapi?" Alifuata taa kwa kidole. "Nikiwasha, yeye anazima. Hatukutani humu, baba."

"Mama yako hakutaka umeme uchezewe. Alisema anayetoka azime."

"Alikuwa anapiga kelele tu! Nani alizima? Nyumba nzima ilikuwa inawaka, mpaka jirani anauliza kama tuna sherehe."

Taa ziliendelea kuzunguka, moja moja, kwa usahihi ambao sasa ulikuwa unamuudhi hata yeye. Sekunde alitafuta la kusema, na alichopata ni vipimo. "Inaenea kwenye begi la mkononi," alisema. "Nimepima. Inatumia betri za kawaida, utazipata popote."

"Sitaibeba, baba."

Alisema polepole, akamshika mkono. "Si kwamba sitaki. Nikiiweka mezani huko ugenini, kila jioni nitakuwa namwangalia mama yuko peke yake katika kila chumba. Sitaweza."

Sekunde aliumia. Alitaka kumweleza habari za kijani mbili na waya wa kufunga, kwamba haikuwa dharau, mkono ulijiendea wenyewe. Akaona ni maneno ya ofisini. Alitaka kusema basi, acha, nitampa mtu mwingine. Midomo ilianza kuhesabu. Akaisimamisha. Alizima swichi, akaenda dirishani akafunua kona ya blanketi mwanga ukaingia, akatoa kwenye droo karatasi mpya ya mraba, akaandika upya kushoto vyumba vyote na juu saa zote. Akakaa mbele ya mwanawe na penseli.

"Nielekeze," alisema. "Sijui."

Miaka thelathini na moja hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba hajui mwendo wa taa. Binti alimtazama kwa muda, kama mtu anayemsikia mgonjwa akizungumza kwa mara ya kwanza. Kisha akaweka mkoba chini.

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema mzee.

"Jiko. Na sebule."

"Ipi kwanza?"

"Zote, baba. Pamoja."

Alitia weusi kwenye visanduku viwili, kimoja juu ya kingine, na mkono ulisita kama unatia sahihi jambo la hatari. "Sebuleni nani?"

"Hakuna mtu. Redio. Mama alisema si adabu kuiacha redio inaongea gizani."

Sekunde alicheka bila kutaka. Akatia weusi. Saa moja, korido nayo, kwa sababu binti alifanyia kazi za shule sakafuni pale koridoni, miguu imeelekea jikoni, ili aendelee kubishana na mama. Chumba cha binti nacho, tangu mapema, kwa sababu aliogopa kuingia chumba chenye giza, na mama alikwenda kumwashia saa nzima kabla. Bafu nalo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulizima. Saa mbili, vivyo hivyo. Saa tatu, mama anashona vifungo kitandani na binti amejilaza miguuni pake akimsomea magazeti ya zamani, chumba chao kinawaka, na jiko bado linawaka, na redio bado inaongea na viti. Karatasi ilikuwa nyeusi tii. Penseli iliisha ncha, akaichonga, na binti alisubiri bila kutazama saa. Walikuwa wameshazidisha sekunde mia moja na thelathini mara nyingi sana, lakini hakuna aliyekuwa anapima.

Nje, honi ililia mara moja.

"Saa nne," alisema mzee haraka.

"Saa nne zote zinazimwa. Mama anazunguka anazima moja moja, huku akilalamika."

"Na baraza?"

"Na baraza."

"Hiyo naijua." Aliacha visanduku vya saa nne vyeupe, vyote saba, kwa mpangilio. "Nilikuwa nafika saa tano, nikikuta giza. Tundu la ufunguo nililitafuta kwa kidole. Nilizoea. Mlikuwa mmeshalala."

"Mimi ndiye nilikuwa nimelala," alisema binti.

Honi ililia tena, mara mbili. Binti alisimama, akachukua mkoba, lakini hakuelekea mlangoni.

"Mama hakuwa analala, baba. Alizima, akakaa kitandani na mgongo ukutani mpaka asikie geti. Ukishaingia ndipo anajilaza. Nilimfuma siku nilipoumwa tumbo."

"Sasa mbona alizima?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Alisema, baba yako akijua kuna mtu anamngoja atakuwa anaharakisha kazi, na yule akiharakisha, kuna mtu atauawa barabarani. Akaniambia nisikwambie." Alijifuta macho kwa kiganja. "Nilidhani unajua. Mpaka leo nilidhani unajua."

Alimkumbatia baba yake kwa nguvu, kichwa chake kikagonga miwani ya mzee ikakaa upande. "Irekebishe," alisema sikioni mwake. "Usimpe mtu. Utanitumia, au nitakuja kuichukua mwenyewe. Na dawa, baba." Viatu vikashuka ngazi, mlango wa gari ukafungwa, na gari likaondoka. Sekunde hakwenda dirishani.

Alikaa kwenye kiti chake. Kiti cha pili kilikuwa kimesogea mpaka mezani, naye akakiacha hapohapo. Alifungua boksi la daiodi, akazimwaga kwenye kisosi, akakata nyaya za kufunga moja baada ya nyingine kwa koleo. Jiko na sebule akaziunganisha kwanza. Zikawaka pamoja, na hakuna kilichogongana.

Alipofika kwenye mstari wa chumba chao, saa nne hadi saa tano, akaisimamisha kazi. Taa ilikuwa imezimwa, kwa hiyo kisanduku kilikuwa cheupe, na kwa sheria ya jedwali hapakuwa na kosa. Weusi ni taa inayowaka, weupe ni iliyozimwa, mshazari ni ya kumemeta. Alama ya nne haipo. Akakihesabu kisanduku kile badala yake, maana ndicho alichojua kufanya: saa moja kila usiku, mara sita kwa wiki, miaka ishirini na miwili ya nyumba namba kumi na saba. Saa elfu sita mia nane sitini na nne. Alirudia hesabu, ikawa ileile.

Na kila usiku wa miaka hiyo yote, alikuwa akivua viatu nje, akaingia kwa ncha za vidole, akajilaza ukingoni mwa kitanda bila kuvuta shuka, ili asimwamshe.